Corolla 110 inachemsha mlimani tu, mjini haina shida. Ni hedi gasketi kweli?

MwanaMafinga

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu kabla sijafanya maamuzi ya kujutia, maana fundi anasubiri jibu langu kesho asubuhi na mimi hapa niko msibani kichwa hakijatulia.

Gari ni Corolla 110, injini 5A, oto, ya 1998, niko nayo mwaka wa sita. Kwa Dar haijawahi kunisumbua, foleni ya Ubungo naikaa na AC inawaka geji wala haitikisiki. Sasa juzi tumetoka Dar alfajiri kuja Mafinga, watu wazima watatu na watoto wawili, buti imejaa. Mpaka Ruaha Mbuyuni safi kabisa, tukanywa chai pale, tukaendelea. Tumeanza kupanda Kitonga nyuma ya lori la mzigo, mwendo wa kinyonga, naona mshale unapanda, nikazima AC, bado unapanda, zimebaki kona chache tumalize mlima ukagonga kule juu kabisa, injini ikawa nzito na ikaanza kugonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nikaweka pembeni, wife akashuka chapu kuweka mawe kwenye tairi. Mvuke kila mahali, lile kopo la akiba la maji linatokota kama sufuria ya maharage, na maji yaliyomwagika chini yana rangi ya chai ya rangi. Kabla sijazima niliwasha hita maana dereva mmoja mzoefu aliwahi kuniambia inasaidia kupoza injini, ikanipulizia upepo wa BARIDI. Hapo ndo nilichanganyikiwa, injini inaungua halafu hita inatoa baridi?

Tukakaa kama dakika 50, nikajaza maji ya chupa, zikaingia lita 4 na nusu, tukapanda taratibu mpaka Ilula, tukafika Iringa. Nikaingia gereji moja, fundi akafungua mfuniko wa rejeta, kaangalia dakika mbili, kasema hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku) imeungua, acha gari tushushe hedi ikapigwe pleni, yaani isawazishwe uso. Sikuiacha, nimesogea nayo usiku na baridi hii mpaka Mafinga na haikuchemsha tena.

Kingine sijui kama kinahusiana, mwezi wa nne gereji moja huko Dar walinibadilishia wota pampu. Toka siku hiyo mafuta inakula kuliko zamani, asubuhi sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inakaa juu muda mrefu sana, na kwenye tambarare geji inakaa chini kuliko ilivyokuwa inakaa miaka yote, mi nikajua ni pampu mpya inapiga kazi. Maji natumia ya bomba.

Nishushe hedi au nisishushe?

Kobelo

Pole kwa msiba mkuu. USISHUSHE HEDI kwanza. Fundi anayetoa hukumu ya hedi gasketi kwa kuangalia shimo la rejeta dakika mbili huyo hajapima chochote. Subiri Spana12 apite humu, hizi 5A ndo maisha yake.

Ila nikuombe kitu kimoja, usifungue ule mfuniko injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata kama fundi amesimama pembeni anakuambia fungua. Mimi mwaka 2011 nilifungua wa Starlet yangu nikiwa na haraka, nilidhani imepoa, maji yakaruka mpaka kwenye bega na shingo. Wiki mbili nililala upande mmoja. Shika mpira wa juu wa rejeta kwanza, ukiubonyeza ukawa mgumu kama tairi lililojaa upepo acha, rudi baada ya nusu saa.

Spana12

MwanaMafinga poleni sana na msiba. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na nikushukuru umeandika kila kitu maana jibu lipo kwenye ile aya ya mwisho uliyodhani haihusiani.

Tuanze hivi. Gari inayochemsha kwenye foleni halafu ikitembea inapoa, unaangalia feni, maana ikisimama hakuna upepo zaidi ya ule wa feni na ikitembea upepo wa barabarani unafanya kazi yenyewe. Gari inayokaa vizuri kwenye foleni halafu inachemsha ikipanda mlima na mzigo, feni haina kosa, kosa ni kwamba joto linazalishwa kuliko rejeta inavyoweza kulitoa, ama maji hayapiti rejeta vya kutosha, ama rejeta yenyewe imeziba. Gari yako ni ya aina hii ya pili, ya mlimani. Ukitaka kuhakikisha feni, injini ikiwa baridi na swichi ya gari iko ON, chomoa waya wa ile swichi ya feni inayosoma joto la maji, kwenye hizi Toyota za zamani swichi imefungika maji yakiwa baridi na inaachia yakifika kama nyuzi 93, kwa hiyo ukichomoa waya feni lazima izunguke. Ikizunguka, mota, fyuzi na relei vyote vizima. Mikono iwe mbali.

Sasa twende kwenye mwezi wa nne. Mafuta yameongezeka, sailensa iko juu asubuhi muda mrefu, geji imeshuka tambarare. Hivyo vitu vitatu kwa pamoja, vyote toka siku moja, karibu nina hakika walipofungua kubadilisha wota pampu walikutolea themostati (kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta kufuata joto) na hawakuirudisha, au walirudisha ile nyumba yake ikiwa tupu. Injini haipati joto lake, kompyuta inasoma sensa ya maji inaona injini bado baridi, inaendelea kumwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa. Ndo mafuta yako yanapokwenda.

Na hapa ndo naomba watu wote wenye hizi 5A, 4A na 7A mnielewe vizuri maana hili jambo linaniuma, limeua injini nyingi. Watu wanasema "nchi yetu ya joto, themostati ya nini, toa maji yapite". Kwenye hizi injini themostati imekaa upande wa maji yanayoingia injini, pale pale karibu na pampu, na ina vibati viwili siyo kimoja. Injini ikiwa baridi kibati kikubwa kinaziba njia ya rejeta na maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia baipasi, ile njia ya mkato isiyopita kwenye rejeta. Ikipata moto kibati kikubwa kinafunguka na kile kidogo cha nyuma kinakwenda KUIZIBA baipasi, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Sasa ukiitoa yote, baipasi imebaki wazi siku zote. Maji ya moto yanayotoka kwenye hedi sehemu yake inarudi moja kwa moja kwenye pampu na kuingia tena injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare hutaona kitu maana joto ni dogo, hata geji itashuka na wewe utafurahi. Siku unapanda Kitonga umejaza gari ndo deni linadaiwa. Kitabu cha ufundi cha Toyota wenyewe kimeandika wazi, usitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, maana ukiitoa unapunguza upoaji.

Hita kupuliza baridi: mfumo mzima wa 5A unabeba lita kati ya 5 na 6, wewe umejaza 4 na nusu. Ulikuwa unatembea karibu mkavu. Hita inapata joto kwa maji ya injini kupita ndani yake, maji yakiisha inapita hewa tu, ndo unapata baridi. Mtu yeyote akiona geji iko juu halafu hita inatoa baridi azime gari hapo hapo, asiseme nisogee mpaka kituo cha mbele.

Na rangi ya chai ya rangi ni kutu. Bloku ni chuma, maji ya bomba peke yake miaka sita yanaila, ile kutu inakwenda kukaa kwenye vijimirija vya rejeta. Kwa hiyo natabiri una matatizo mawili, themostati haipo na rejeta imeziba nusu.

Sasa hedi gasketi. Sisemi ni nzima, gari imegonga, imekauka maji, inawezekana imeumia. Ndo maana upime, na kupima ni bure. Kesho asubuhi kabla hujawasha kabisa, injini imelala usiku kucha:

Fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka shingoni, washa gari mfuniko ukiwa wazi, tazama. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, hayo yanaisha. Mapovu yanayokuja mfululizo kama soda, ukikanyaga mafuta yanaongezeka na maji yanatemwa nje, hiyo ni moto wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi imekwenda. Halafu zima, funga mfuniko, washa tena na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja wakati maji bado ya baridi, jibu ni lile lile. Chomoa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wake, tatu zikiwa na rangi ya kahawia na moja nyeupe imeoshwa safi, silinda hiyo inakunywa maji. Tazama na kijiti cha oili, siyo kifuniko tu, maana kifuniko cha gari ya safari fupi kinaweza kuwa na utando wa maziwa kwa unyevu tu na injini ikawa nzima. Kijiti kikiwa na oili rangi ya chai ya maziwa hapo ndo usiwashe tena.

Ukimaliza hapo leta majibu ndo tujue. Na kunusa mafuta ya giaboksi usisahau, kwenye oto yanapoozwa humo humo kwenye kikombe cha chini cha rejeta, injini ikichemsha nayo yanaungua.

Dereva_Mkongwe

Spana12 heshima yako ila hapa nitatofautiana kidogo. Mimi Hilux yangu imetolewa themostati toka 2014, nimekwenda nayo Tunduma, Songea, Mbinga kote huko, haijawahi kuchemsha. Mafundi wetu wamesomea barabarani siyo kwamba hawajui.

Spana12

Mzee wangu sikatai, na mimi nimesomea barabarani pia. Injini hazifanani. Zipo ambazo baipasi yake ni kijishimo kidogo, ukitoa themostati unapoteza kidogo tu upande wa upoaji, na Hilux ina rejeta kubwa. Lakini hata hiyo yako inatembea baridi kila siku, oili haifiki joto la kukausha unyevu, petroli inashuka ukutani mwa silinda inaosha oili, ringi za pistoni zinalika taratibu. Hutaona mwaka mmoja. Mimi naongelea hizi za 5A ambazo kibati cha pili kipo na kina kazi.

Dereva_Mkongwe

Hiyo ya kibati cha pili sikuwa naijua, nashukuru. Nitaifungua ya kwangu niangalie baipasi ikoje.

MwanaMafinga

Wakuu nimepima asubuhi hii, baridi ya Mafinga vidole havikunji. Mapovu yalikuja kama matano sita makubwa halafu yakatulia kabisa, nimekanyaga mpaka 3000 hakuna kitu. Mpira wa juu ulikaa laini zaidi ya dakika kumi. Plagi zote nne rangi moja. Oili nyeusi ya kawaida, haina maziwa. Giaboksi mafuta yamekuwa na rangi ya kahawia lakini hayanuki kuungua.

Themostati: nimefungua ile nyumba, nati mbili tu za spana 10. TUPU. Hakuna kitu ndani, wamepaka gasketi ya silikoni wakafunga. Yaani nimekaa nimeitazama ile nafasi, nikakumbuka wanangu walivyokuwa wanalia pale kwenye kona malori yanapita.

Narudije Dar?

Spana12

Mungu mkubwa, hedi yako imepona. Tafuta themostati hapo Iringa, zipo, chukua ya nyuzi 82. Kabla ya kufunga itie kwenye sufuria ya maji jikoni, ining'inize kwa uzi isiguse chini, maji yakikaribia nyuzi 80 hadi 84 inaanza kufunguka, na kabla hayajatokota vizuri iwe imefunguka si chini ya milimita 8. Isipofunguka rudisha dukani hata kama ni mpya. Ukiifunga kile kipini kidogo kinachocheza kikae JUU, hicho ndo kinatoa hewa. Kikikaa chini hewa inanasa na utachemsha tena, halafu utasema Spana12 muongo.

Kujaza maji: weka pua ya gari kwenye mwinuko, hita weka moto mwisho, jaza taratibu, washa bila mfuniko, subiri mpaka mpira wa CHINI upate moto. Huo ndo ushahidi kwamba themostati imefunguka, ukiona wa juu wa moto na wa chini baridi usiondoke. Maji yakishuka ongeza. Na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto hata siku moja, hedi ni aluminiamu bloku ni chuma, havisinyai sawa.

Kurudi Dar ni mteremko mwingi, utafika, ila Kitonga shuka kwenye 2 au L usiachie N, usikanyage breki muda wote. Tembea alfajiri, AC zima. Dar ndo tushughulike na rejeta.

Bahari_ya_Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Niongeze moja tu, hapa nilikuwa na 110 kama hiyo, ikichemka kila nikipanda kwenda Voi, tukabadilisha themostati, rejeta ikafuliwa, bado. Makanika mmoja mzee akaniambia nikae kwenye usukani nikanyage mafuta huku yeye akimulika tochi chini. Mpira wa chini ulikuwa umelegea kwa uzee, pampu ikivuta kwa nguvu unajikunja unabana kama mrija wa kunywea soda, maji hayapiti. Ukiachia mafuta unarudi sawa, ndiyo maana gari ikisimama ugonjwa hauonekani. Angalia na huo ndugu yangu kabla hujafunga rejeta mpya.

Mama_Kalua

Samahani kuingilia uzi. Mimi yangu kinyume chake, Mark II GX100, barabara kubwa safi, foleni ya Mwenge inapanda. Feni naiona inazunguka lakini.

Spana12

Dada yako ni feni ya klachi, haina mota, inavutwa na mkanda. Kuzunguka kuiona haitoshi. Zima injini ikiwa ya moto, izungushe kwa mkono, ikizunguka yenyewe raundi tatu nne bila kukaza, yale mafuta mazito ya silikoni ndani ya klachi yameisha, badilisha klachi. Ukiona na mafuta yenye vumbi yameganda katikati ya klachi ndo uthibitisho. Halafu chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta, nyingi nakuta manyoya na majani yamejaa humo, maji ya mpira kutokea upande wa injini yanatoa.

MwanaMafinga

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa.

Themostati nilipata Iringa, niliipima kwenye sufuria ya shemeji kama mlivyosema, ikafunguka. Kufika Dar asubuhi iliyofuata nilipowasha, sailensa ilishuka ndani ya dakika chache, na geji imerudi pale pale ilipokuwa inakaa zamani, katikati kidogo chini, haisogei. Mafuta nimeanza kuona tofauti, elfu 50 yangu ya wiki imerudi kufika Ijumaa.

Rejeta nilipeleka kwa fundi wa rejeta huku Tabata, injini ikiwa ya moto tukapapasa kwa mbele, upande mmoja unaunguza na chini kuelekea katikati pamepoa, unaweka kiganja kabisa. Akafungua kikombe cha juu nikiwa nimesimama, nikamulika na simu. Mirija mingi ina magamba ya kahawia, mingine huoni hata tundu, ukigusa na sindano yanabanduka kama ukoko wa wali. Akataka kuizibua kwa waya, nikamwambia hapana, nimenunua mpya. Duka la kwanza nusura wanipe ya manyuo, bei nafuu, nikakumbuka maneno ya giaboksi, nikageuza nikaangalia chini haina zile njia mbili za mafuta. Nikarudisha. Mpira wa chini nao nimebadilisha, ule wa zamani ukiubonyeza unabaki umebonyea. Mfuniko mpya wa rejeta wa presha ya 0.9, na kulanti (dawa ya rejeta) nimechanganya nusu kwa nusu na maji ya betri yale yasiyo na asidi, siyo ya bomba tena. Giaboksi nimemwaga mafuta nikaweka mapya.

Jumamosi tumekwenda arobaini. Watu wale wale, mzigo ule ule, na safari hii tumebeba na mchele. Kitonga tumepanda saa 7 mchana jua kali nyuma ya malori mawili. AC nilizima mwenyewe kwa woga. Mshale haukutoka pale ulipo. Haukutoka. Wife alikuwa anautazama kuliko mimi. Ilula nikasimama, nikafungua boneti, nikashika mpira wa juu na wa chini, vyote vya moto, feni ikawaka ikazima yenyewe.

Kitu kimoja tu ndo nauliza, kopo la akiba limeshuka kutoka FULL mpaka karibu nusu, chini hakuna tone hata moja, ni kawaida au kuna mahali panavuja?

Spana12

Ni kawaida kwa safari ya kwanza, hewa iliyobaki ilitoka na maji ya kopo yakaenda kujaza nafasi yake. Mfuniko mzima unafanya hivyo, moto unasukuma kwenda kopo, baridi unavuta kurudi. Ongeza mchanganyiko ule ule wa kulanti mpaka FULL asubuhi injini ikiwa baridi, weka alama kwa kalamu. Likishuka tena kabla ya mwezi piga picha chini ya wota pampu, pale kwenye kijitundu chake kinachotoa maji pampu ikianza kuvuja, uilete humu.